Saa Isiyofika Harusini

Fundi saa alikuwa amelalia meza yake ya kazi, shavu moja juu ya ubao, na lenzi yake nyeusi ilikuwa bado imebanwa jichoni. Ukimwona kutoka mlangoni ungedhani anachungulia kitu kidogo sana. Ukisogea ndipo unapoona damu.

Inspekta alisogea, ingawa hakupenda. Miaka yote ya upelelezi haikuwa imemzoesha maiti, na hakuwa mwanamke wa kujitia ujasiri asiokuwa nao. Moyo ulimdunda. Akauacha udunde, akavaa glavu.

Ukuta mzima wa duka ulikuwa saa tupu, na karibu zote zilikuwa zinatembea. Zilikuwa zimetiwa ufunguo asubuhi ile na mkono ambao sasa ulikuwa unapoa. Inspekta alitamani kuzisimamisha zote, maana mlio wake ulimwingia hadi kwenye meno, lakini mahali pa tukio hapaguswi.

"Ujambazi huu, afande," alisema Koplo. Alikuwa kijana mrefu, mwepesi wa maneno, mwenye tabia ya kufunga jalada kabla halijafunguliwa.

"Wameiba nini?"

"Saa."

"Saa ipi? Zile pale ukutani zina maganda ya dhahabu. Mbona wameziacha?"

Koplo alitazama ukutani, kisha akatazama viatu vyake.

Daktari wa polisi aliinuka kutoka kwenye maiti. "Amepigwa kisogoni kwa jiliwa hii ndogo ya mezani, ya kubania vyuma. Pigo la kwanza lilitosha. La pili ni la mtu aliyeshikwa na kiwewe."

"Alijitetea?"

"Hakugeuka hata kidogo. Angegeuka, lenzi ingeanguka."

Inspekta aliitazama tena ile lenzi. Marehemu alikuwa na mtu nyuma yake, anajua kabisa kwamba yupo, na bado aliinama akaendelea na kazi. Hakumwogopa hata kidogo.

Mbele ya maiti palikuwa na kifuniko cha kioo, mfano wa bilauri iliyopinduliwa. Chini yake ulihifadhiwa uso wa saa ya mkononi, wenye rangi ya maziwa ya kale, pamoja na mishale yake mitatu. Kando yake kilisimama kichupa cha benzini, na ndani yake magurudumu madogo ya shaba na bamba lililokuwa likiyashika yalikuwa yametulia chini.

"Hii ndiyo saa aliyokuwa akiishughulikia," alisema Inspekta. "Uso upo, mashine ipo. Ganda na mkanda viko wapi?"

Walipekua droo, wakapekua sakafu, wakakung'uta mpaka kapu la taka. Ganda halikuonekana.

"Mwizi gani huyu," alinong'ona Koplo, "anamenya ndizi halafu anaondoka na maganda?"

Alama za vidole kwenye jiliwa zilikuwa zimefutwa kwa kitambaa cha marehemu mwenyewe.

Mjane alikuwa ameketi nje, kwenye benchi la fundi cherehani jirani. Alikuwa bado hajalia, na Inspekta aliwaogopa zaidi wafiwa wa namna hiyo kuliko wanaogaragara.

"Pole sana, mama. Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Mimi. Jioni hupitia hapa, turudi nyumbani pamoja. Leo nimekuta mlango umerudishiwa tu."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Mume wangu? Ugomvi wake ulikuwa na vumbi."

"Kuna mteja aliyekuwa akimtarajia?"

Mama yule alifikiri. "Alisema kuna mtu atakuja waongee faragha. Ndiyo desturi yake, afande. Akikuta saa ina jambo la aibu, labda ni ya bandia, labda siyo ile ambayo watu wanaidhania, hamwambii aliyeileta. Hamwambii mke wa mtu wala mtoto wa mtu. Anamwita anayeivaa, anafunga mlango, anamwambia yeye peke yake. Nilimwambia desturi hiyo itamletea balaa. Akanicheka."

"Mtu huyo ni nani?"

"Hakunitajia. Si ndiyo desturi yenyewe?" Hapo ndipo kilio kilipomjia, kikaja chote kwa mkupuo, na fundi cherehani akaacha mashine yake akaja kumshika mabega.

Kesho yake asubuhi watu wawili walifika kituoni. Mmoja alikuwa binti mwenye sare ya uuguzi. Wa pili alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sura, ameshika kofia kwa mikono miwili. Binti alisema huyo ni mjomba wake. Basi kituo kizima kikamwita Mjomba, na binti wakamwita Nesi, mambo yakaisha.

"Tumesikia habari za fundi," alisema Nesi. "Kulikuwa na saa yetu pale. Nilimpelekea mimi. Ni saa ya marehemu babu, siku hizi anaivaa Mjomba."

"Imeharibika?"

"Ilikuwa inachelewa. Bibi aliniambia niichukue kimyakimya itengenezwe, halafu tumshtukize nayo. Kumbe yeye anaitafuta nyumba nzima!"

"Mimi nimejua jana usiku tu," alisema Mjomba. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Hata duka lenyewe silijui lilipo."

"Ni saa ya namna gani?"

"Ya kutia ufunguo. Baba aliivaa siku ya harusi yake. Nilipoaga nyumbani kwenda kutafuta maisha, aliivua akanivisha mimi."

Nesi alimshika mkono mjomba wake kwa mapenzi ya wazi kabisa. Alieleza kwamba Mjomba alipotea zaidi ya miaka ishirini, bila salamu wala barua, hadi watu wakamkatia tamaa. Siku aliyorudi, Nesi mwenyewe akiwa bado mtoto, Bibi alikuwa ameshaharibika macho kwa mtoto wa jicho. Alimshika mkono mlangoni, akamwita mwanangu. Tangu hapo Mjomba ndiye anayemwogesha miguu, anayemtia dawa ya macho, anayemsomea magazeti.

"Bibi amepona kwa ajili yake," alisema Nesi. "Alikuwa ameshaanza kutuaga."

"Kwa bahati mbaya, saa yenu haipo dukani," alisema Inspekta.

"Na mashine yake?" aliuliza Mjomba.

"Mashine ipo, na uso upo. Kama ni vyenu."

Kofia ilimponyoka Mjomba. Aliinama kuiokota, akakaa ameinama kwa muda mrefu kuliko kofia inavyohitaji.

"Basi tupeni hivyo hivyo," alisema alipoinuka. "Mama atafurahi kupata hata hicho."

"Ni vielelezo. Kwanza nithibitishe kuwa ni vya kwenu. Mna picha yoyote ya babu akiwa na saa hiyo?"

"Ile ya harusi, iko ukutani," alisema Nesi. "Nitaileta mchana."

"Usijisumbue, binti yangu," alisema Mjomba haraka. "Picha yenyewe imefifia."

Walipoondoka, Inspekta alibaki akiutazama mlango. Kulikuwa na neno lililosemwa pale mezani ambalo halikukaa sawa, na hakulijua ni neno gani. Lilimsumbua kama punje iliyonasa kwenye jino. Mbaya zaidi, alihisi hofu, na hakuwa na wa kumwogopa isipokuwa mtu mpole mwenye kofia.

Mtaalamu wa maabara ya polisi alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyeitwa Mama Darubini hata na mkuu wake wa kazi. Alikuwa ametandaza magurudumu, uso na mishale juu ya karatasi nyeupe. Nesi alikuwa amefika na picha ya harusi ndani ya fremu yake. Bwana harusi alisimama wima, mkono juu ya mgongo wa kiti alichokalia bibi harusi, na saa ilionekana chini ya mkono wa koti. Pembeni palikuwa na muhuri wa mpiga picha: mwaka 1956.

"Mmeniletea mzee asiye na cheti cha kuzaliwa," alisema Mama Darubini, "halafu mnataka nitaje umri wake. Haya, njooni."

Aliwaonyesha kwanza vitone vya rangi ya manjano kwenye mishale na kando ya namba. Ni rangi ya kuwaka gizani, alisema. Saa za miaka hiyo zilipakwa rangi yenye radiamu. Mwanga wake huchoka baada ya miaka michache, lakini mionzi yake inawashinda umri wajukuu wa wajukuu.

"Nimeazima kipimo cha mionzi hospitalini. Saa iliyopakwa rangi mwaka hamsini na sita, ukikisogeza hivi, kinalia kama bisi kwenye sufuria."

Alikisogeza. Wote wanne walitega sikio. Kipimo kilitoa mlio mmoja wa uvivu, kikanyamaza.

"Kimeharibika?" aliuliza Koplo.

"Kizima kabisa. Hiyo siyo radiamu. Chungulia hapa, chini ya namba sita. Unaona herufi T mbili ndogo?"

Inspekta alichungulia kwenye darubini. Aliziona, moja kila upande, nyembamba kama miguu ya mdudu.

"Hizo ni alama za tritiamu. Rangi hiyo ilishika miaka ya sitini, radiamu ilipokuwa inaachwa kwa sababu inadhuru watu."

"Lakini uso unabadilishwa," alisema Koplo. "Labda ule wa zamani uliharibika."

"Ndiyo maana sikuishia usoni, mwanangu. Tazama springi hii inayolinda mhimili wa gurudumu la mizani, ili saa ikianguka usivunjike. Umbo hili halikuwepo mwaka hamsini na sita. Na hii namba iliyochongwa kwenye bamba la mashine: kiwanda kilizitoa kwa mfuatano, kwa hiyo inaangukia mwaka sitini na saba, au sitini na nane. Rangi, springi na namba. Ni mashahidi watatu ambao hawakukaa kikao, na wote wanasema neno moja."

"Neno gani?" aliuliza Nesi.

"Kwamba siku ya harusi hii, saa hii ilikuwa bado haijatengenezwa."

Nesi alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Basi babu alinunua nyingine baadaye. Au siyo?"

"Inawezekana," alisema Inspekta. "Anayejua ni Bibi. Tumpigie."

Nesi alibonyeza namba ya nyumbani, akaweka simu mezani, sauti ikatoka waziwazi. Ililia kwa muda, kisha kikapokea kisauti chembamba cha kizee.

"Shikamoo, Bibi," alisema Inspekta. "Ni mimi Inspekta ninayeshughulikia kesi ya fundi saa."

"Marahaba, binti yangu. Maskini fundi wa watu!"

"Samahani kwa usumbufu. Ninataka kujua jambo moja tu. Marehemu mzee aliwahi kubadilisha saa yake?"

"Abadilishe? Saa ile nilimpa mimi, ndiyo zawadi yangu ya uchumba. Alikuwa nayo ile ile hadi siku alipomvisha mwanetu. Mbona mnaniuliza yale yale? Fundi naye aliuliza hivyo hivyo."

Inspekta alisogea karibu na simu. "Fundi uliongea naye lini, Bibi?"

"Jana mchana, alipiga simu hapa. Aliuliza ilinunuliwa lini, nikamwambia. Akanyamaza. Kisha akasema anataka kuongea na anayeivaa. Nilisikitika, maana nilitaka iwe siri, lakini nikampa simu mwanangu. Wakaongea, jioni akatoka kwenda kumwona."

Nesi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Na lile neno lililokuwa limenasa likatoka lenyewe. *Na mashine yake?* Inspekta alikuwa amesema saa haipo. Hakusema imefunguliwa. Mtu ambaye hajui duka lilipo angejuaje kwamba mashine ilikuwa imetenganishwa na ganda? Ni yule tu aliyeondoka na ganda mkononi.

"Bibi," alisema, akijilazimisha kutuliza sauti, "uko na nani hapo?"

"Na mwanangu. Huyu hapa nyuma yangu, ananitia dawa ya macho. Ngoja..."

Kiti kililia. Kitu kilikwaruza kwenye simu. Kisha ikaja ile sauti ya taratibu, ya kumbembeleza mgonjwa.

"Inspekta, mama amechoka. Mwache apumzike."

Simu ikakatika.

Nesi hakupiga kelele. Aliteremka hadi sakafuni akishikilia mguu wa meza. "Nimemwacha naye," alisema. "Nimemwacha naye peke yake. Kila siku ninamwacha naye."

"Una ufunguo wa nyumba?"

"Wa mlango wa jikoni."

"Inuka, binti yangu. Twende."

Jua lilikuwa bado kali na barabara ilikuwa imejaa magari ya watu wanaotoka kazini. Inspekta alikataza king'ora. Hakutaka mtu yule asikie kwamba muda wake umekwisha. Lakini bila king'ora hakuna aliyewapisha, na kila walipokwama nyuma ya lori alijilaani kwa uamuzi huo, kisha akajilaani kwa ile simu. Yeye ndiye aliyeuliza. Yeye ndiye aliyemfanya Bibi aseme kwa sauti, mbele ya mtu aliyeua, kitu pekee kinachomfunga mtu huyo. Ikiwa kikongwe yule amekufa, alijua nani amemwua nusu.

"Ameishi naye miaka yote hii bila kumdhuru," alisema Koplo, safari hii bila wepesi wowote.

"Alikuwa hajatishiwa."

Nyuma ya gari Nesi alikuwa akipiga simu tena na tena. Haikupokelewa.

Nyumba ilikuwa ndogo, safi, yenye mapazia yaliyofungwa mchana mweupe. Koplo alibaki mlango wa mbele. Inspekta aliingia kwa jikoni, Nesi nyuma yake. Bomba lilikuwa linamwaga maji kwenye beseni lililokwisha kufurika, na sakafu nzima imelowa. Mtu anayejali nyumba kama Mjomba haachi bomba hivyo.

Inspekta alivua viatu, akashika ukuta. Ukumbini palikuwa na mraba mweupe ukutani, pale picha ya harusi ilipokuwa ikitundikwa. Mlango wa sebule ulikuwa wazi nusu.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, kichwa amekilaza nyuma, macho yamefungwa, mashavu yamelowa. Hakutikisika. Nyuma ya kiti alisimama Mjomba, ameshika mto wa kochi kwa mikono miwili, kama alivyoshika kofia kituoni.

Nimechelewa, alifikiri Inspekta.

"Weka mto chini," alisema.

Bibi alifungua macho yake yenye ukungu. "Mto? Mto wa nini?"

Nesi alitoa sauti kama ya mtu aliyeungua, akamkimbilia bibi yake, akamkumbatia miguu. Koplo aliingia kwa mlango wa mbele kwa bega moja. Mjomba hakukimbia. Aliutazama mto kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa.

"Nilitaka kumwekea shingoni," alisema.

"Ndivyo?" aliuliza Inspekta.

Aliuweka mto juu ya kochi. "Hapana."

"Una haki ya kunyamaza. Utakalosema litatumika mahakamani."

"Nimenyamaza mno, afande. Uliza tu."

"Jana jioni ulikwenda dukani kwa fundi?"

"Nilikwenda."

"Alikwambia nini?"

"Alifunga mlango, akanipa kiti. Akasema, ndugu yangu, saa hii haijafikia umri wa hadithi yake. Hakunitukana. Alisema hataki kujua mimi ni nani, ila nimweleze mama kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwamba yeye hatamwambia mtu. Halafu akavaa lenzi yake, akainama. Akasema saa itakuwa tayari kesho."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Nikanyakua saa, nikatoka. Njiani nikaitazama, nikakuta nimebeba ganda tupu. Nilirudi, nikamwona mkewe anaingia. Ganda nililitupa mtaroni."

"Alikuahidi kunyamaza. Kwa nini umwue?"

"Kwa sababu alikuwa anajua. Ningeishije mji mmoja na mtu anayejua?"

Bibi alikuwa anageuza uso huku na huku, akizitafuta sauti. "Mwanangu anasema nini? Wewe, unasema umemwua nani?"

"Mama," alisema Mjomba, na machozi yakaanza kumtoka. "Mimi siye."

"Siye nani?"

"Siye mwanao. Mwanao tulifanya kazi pamoja kwenye machimbo ya mawe. Tulilala chumba kimoja, tulikula sahani moja. Alikuwa anakutaja kila jioni, hadi nikaijua nyumba hii kabla sijaiona. Ukuta wa machimbo ukaporomoka, yeye akiwa ndani."

Mkono wa Bibi ulikuwa juu ya kichwa cha Nesi. Ulisimama hapo hapo.

"Nilikuja kukupa habari za msiba, basi. Sikuja kwa hila. Nilibisha hodi, ukafungua, na kabla sijafungua kinywa ukanishika mkono ukaniita mwanangu. Mimi nimelelewa na watu baki, mama. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ukaniuliza saa ya baba iko wapi. Ya kweli aliondoka nayo chini ya mawe. Nikaenda duka la vikuukuu nikanunua inayofanana nayo. Niliangalia sura yake tu. Sikujua kwamba saa nayo ina umri."

"Na mto?" aliuliza Inspekta. "Mama huyu si unampenda?"

"Ninampenda. Ulipopiga simu nilijua mnakuja kumwambia. Nilitaka afe akiwa bado ananiita mwanawe."

Koplo aligeukia ukuta. Inspekta alikuwa amesikia maungamo ya kila aina, ya visu na ya sumu, lakini hilo lilimtisha kuliko yote, kwa sababu mtu yule alilisema kwa upendo, na alilimaanisha.

Bibi hakulia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kavu.

"Alikufa papo hapo?"

Mjomba alitazama chini.

"Nimekuuliza."

"Hapana. Nilimsikia."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anaita."

"Ananiita mimi?"

"Hapana, mama. Alikuwa ananiita mimi. Mimi nilikuwa mdomoni mwa shimo, niko karibu. Mawe yalikuwa bado yanaanguka. Niliogopa, nikakimbia. Nimekimbia hadi hapa."

"Jina lako nani?"

Alimtajia. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amewahi kulisikia. Nesi, ambaye alikuwa amekuzwa na mikono ile, aliinua uso akamtazama kama anayemwona mgeni mlangoni.

Bibi alilirudia jina lile polepole, mara ya kwanza kwa kunong'ona, akiliweka sawa mdomoni. Kisha alishika mikono ya kiti, akajivuta mbele, akaliita kwa nguvu zote za kifua chake, kama mtu anayeita kutoka mbali, kutoka chini, hadi sauti ikampasuka.

"Naam!" aliitika Mjomba, kabla hajajizuia.

"Kumbe ukiitwa unasikia," alisema Bibi. "Sasa mbona hukwenda?"

Koplo alimtia Mjomba pingu, wakatoka naye kwa mlango wa mbele, na Bibi akabaki ameuelekezea uso mlango ule, bado anangoja ajibiwe.